Kadi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Zipporah amepiga simu kabla sijanywa chai. Daktari amesema mtoto amekaa vibaya tumboni, kwa hivyo watampasua Jumamosi tarehe kumi na tano, huko huko Nairobi anakofundisha. Mtoto wetu wa kwanza! Nikasema nitapanda basi Ijumaa. Akaguna. Halafu akanikumbusha mahafali yake — basi lilivyokufa Mtito Andei, nikafika watu washakunja viti. Safari hii nije kwa ndege, akasema. Akifumbua macho anataka kuona uso wangu, si meseji yangu.

Kwa ndege. Mimi, mtu wa stoo ya hadiwea hapa Kilifi!

Lakini zipo ndege za bei ya chini siku hizi. Membe Air, Malindi hadi Nairobi, elfu tatu tu. Tangazo limebandikwa pale stendi ya bodaboda. Elfu tatu si pesa ya kumkosesha mtu mwanawe. Kesho nitakata tiketi, yaishe.

Jumanne, 4 Novemba

Haijaisha.

Nilienda saiba ya Njenga. Huyu bwana ametoka Murang'a miaka mingi, anajua kila kitu cha mtandao na hajui hata kimoja cha kwetu. Tukajaza jina, tukajaza tarehe, kila ukurasa unanipongeza. Ukurasa wa mwisho: ada ya kadi, mia saba.

Ada ya kadi? Kadi si yangu? Kwani wao wanaichosha wapi? Muuza mihogo hanitozi kitu kwa sababu ya kumpa noti!

Njenga akasema basi tulipe kwa simu. Kwa simu kuna "ada ya kurahisisha," mia saba na hamsini. Na ukienda mwenyewe uwanjani Malindi kuna ada ya dirisha, mia tisa. Nikamuuliza nikichungulia tu dirishani bila kusema neno nitalipa ngapi. Akacheka, akasema Bwana Ngumbao, lipa tu, mia saba ni nini.

Silipi. Si pesa, ni dharau.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda Malindi kubembeleza dirisha. (Nauli ya kwenda na kurudi siiandiki hapa. Ni mambo yangu.)

Dirishani yuko msichana mpole, Waruguru. Nikampa maneno matamu yote niliyojaliwa. Akatikisa kichwa. Halafu akainama, akaninong'oneza kama mtu anayetoa siri ya serikali: kadi ya Sacco ya Mikoko haitozwi ada. Hata shilingi. Walipatana na kampuni. Ila mwenye kadi lazima awe mmoja wa abiria.

Nilitaka kuruka! Sacco ya Mikoko ni ya walimu wastaafu, na mimi namjua mwalimu mstaafu mwenye kadi hiyo.

Nimekumbuka ni nani nikiwa nishafika Watamu junction. Furaha ikanitoka yote.

Jumamosi, 8 Novemba

Dabaso. Kwa mama mkwe.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali sahani moja, hawaketi benchi moja, na jina lake hulitaji hata ukiota. Si ugomvi. Ni heshima. Miaka mitatu ya ndoa, na sijawahi kusema naye neno ana kwa ana. Alikuwa mwalimu mkuu, kwa hivyo kusema kweli sikuwahi kusikitika.

Basi nikaketi barazani. Yeye ndani, nyuma ya pazia. Katikati, shemeji yangu Purity, ndiye mkalimani — ingawa sote watatu tunasema lugha moja na pazia halina unene wa kuzuia hata mbu.

"Mwambie shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize kadi yangu anaitakia nini."

"Mama anauliza kadi yake unaitakia nini."

Nikaeleza. Purity akaeleza tena nilichoeleza. Nilipofika pale pa mwenye kadi lazima asafiri, pazia likatikisika. Halafu ile sauti ya paredi ya asubuhi:

"Mwambie mimi nilishapanga kwenda na basi kumlea mzazi. Sasa kadi yangu ipande ndege, mimi nibaki kwenye basi na magunia ya watu? Nitakwenda. Na mwambie ada ya upuuzi hata mimi silipi!"

Kwa mara ya kwanza nilimpenda yule mama. Tuko damu moja sisi.

Tukaanza kusomewa nambari za kadi, kutoka ndani kwenda kwa Purity, kutoka kwa Purity kuja kwangu. Tulipofika katikati jogoo akawika, tukaanza upya. Zile tatu za nyuma alikataa zitajwe, kuna majirani. Akamwandikia Purity kiganjani. Purity akatoka akanionyesha kiganja, kisha akaitwa ndani akakinawe kwa sabuni.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeshinda! Lakini ngoja.

Njenga akaniuliza jina la abiria wa pili. Nikasema Mama Zipporah. Akasema lile la kitambulisho. Nikasema siwezi. Akanitazama, akauliza kama nimelisahau. Sijalisahau, nikamwambia, silitaji. Nikampa simu yenye picha ya kitambulisho, nikageukia ukuta. Basi yule mwana wa watu akalisoma kwa sauti — mara mbili! — na wateja wote wamo ndani. Nywele zilinisimama. Hata hapa siliandiki.

Halafu nambari ya siri, inayokufa baada ya dakika chache, ikatumwa kwenye simu ya mama mkwe. Mama mkwe yuko wapi? Kule mikokoni na akina mama wa kikundi chao, wanapanda miche. Simu imebaki nyumbani na Purity, na imefungwa kwa neno la siri ambalo Purity halijui. Purity, mimi nikiwa naye kwenye simu yake mwenyewe, akakimbia nayo hadi mikokoni, akapita lile daraja la mbao watalii wanalotembelea. Nambari ikafa. Tukaomba nyingine. Mama mkwe ana matope mikononi, simu haimtambui kidole. Nikamsikia kwa mbali akisema mwambie angojee ninawe. Ikafa. Ya tatu ikaingia!

Ada ya kadi: sufuri. Watu wawili, mia saba mara mbili, zote nimezihepa. Nilimnunulia Njenga soda na mahamri, na wateja wote pia, maana hawa walilisikia jina na sikutaka walirudie.

Jumatano, 12 Novemba

Balaa.

Njenga amenionyesha viti. 7A na 7B. Bega kwa bega! Akasema mashine imetuweka pamoja kwa sababu tuko tiketi moja — imetufanyia hisani. Hisani! Mashine hii haikuzaliwa Kilifi. Nikamweleza. Akasema mama wa mkeo si ni mama yako tu, shida iko wapi. Nimemsamehe, ni Njenga.

Kubadilisha kiti: ada ya kiti, mia nane.

Nikavuka hadi Mnarani kumwona mjomba Kaingu, anayejua sheria zetu zote. Alikuwa akifua soksi. Nikamweleza, akacheka mpaka akakalia beseni. Ukimgusa bega, akasema, faini mbuzi mmoja. Ukisinzia ukamwangukia, mbuzi wawili. Ukikoroma, kikao cha kesi hiyo bado hakijawahi kukaliwa, na yeye atakuja hata kama ni mgonjwa.

Mbuzi mmoja anapita elfu saba. Mia nane si kitu. Nikarudi saiba mbio, nikamwambia Njenga lipa ada ya kiti. Mimi! Kwa kinywa changu!

Akabonyeza. Ada ya kiti inalipwa kwa kadi ile ile iliyokata tiketi, na kwenye viti ule mpango wa sacco haufanyi kazi. Kwa hivyo ada ya kiti ina ada ya kadi.

Nikatoka nje kupunga hewa. Nitabadilishana na abiria mwingine kule kule. Watu ni wema.

Alhamisi, 13 Novemba

Zipporah amepiga. Dada yake amemhadithia yote, hadi kiganja. Amecheka mpaka akalia, kisha akasema nisimchekeshe tena, mgongo unamuuma tangu asubuhi. Nikamuuliza unamuuma vipi. Akasema vibaya. Halafu akasema si kitu.

Sikupenda ile "si kitu."

Ijumaa, 14 Novemba

Uwanjani Malindi. Mama mkwe amefika kabla yangu, gauni la kanisani, mkoba mapajani. Amekaa upande ule, mimi upande huu. Purity kamleta akaondoka — hilo sikuliwazia! Sasa hatuna mkalimani. Tukaangaliana kwa mbali, tukatazama kando.

Nimeanza kazi ya kutafuta kiti. Mzee wa Kitaliano mwenye kofia ya majani: hapana, ana tiketi ya dirishani na ndiyo furaha aliyobaki nayo duniani, hivyo ndivyo nilivyomwelewa. Bibi na bwana waliooana juzi: hapana, na wakashikana zaidi. Kijana mmoja kutoka Kikambala alikubali! Nikamkumbatia. Kumbe anangojea ndege nyingine.

Tumo ndani. 7A yeye, 7B mimi. Nimejibana upande wa njia hadi nusu yangu iko hewani. Mama mkwe ametoa leso mkobani, ameining'iniza katikati, ncha moja kaibana kwenye mgongo wa kiti, nyingine kwenye meza ya mbele. Nikashukuru Mungu kwa akili ya walimu. Akaja mhudumu, Bridgit, akasema pazia haliruhusiwi wakati wa kuruka. Leso imeshushwa hadi kwenye mkono wa kiti. Bora hiyo kuliko hakuna.

Meseji imeingia. Kutoka kwa Zipporah. Uchungu umeanza, hawangoji kesho, wanamwingiza sasa hivi. Anauliza niko wapi.

Nimeisoma mara nyingi. Na mamake yuko hapa hapa, hajui, anatazama nje mabawa. Nani amwambie? Nikabonyeza ile taa ya kuita. Bridgit akaja.

"Tafadhali, mwambie abiria huyu binti yake ameingizwa chumba cha upasuaji sasa hivi."

Bridgit akatazama huku, akatazama kule. "Si yuko hapo karibu nawe?"

"Mwambie tu, dada yangu."

Akamwambia. Mama mkwe hakugeuka. "Mwambie nimesikia," akasema. Halafu, polepole, "Muulize wamesema nini tena." Bridgit akaniuliza. Hawakusema kitu tena. Bridgit akamwambia hawakusema kitu tena, akaenda zake akijifuta macho, sijui kwa kicheko au kwa nini.

Simu zimeamriwa kuzimwa. Rubani anasema tunangoja ruhusa kidogo. Kidogo! Injini zinanguruma, ndege inatikisika, wala haiendi. Mama mkwe hajawahi kupanda ndege. Midomo yake inasali.

Ameushika mkono wangu.

Hakumtuma mtu. Kanishika mkono wa kulia kwa nguvu za kushikia fimbo, kwa hivyo haya naandika kwa kushoto, yasomeke yasisomeke. Mbuzi ni wa nani sasa, wangu au wake? Mjomba hakusema akishika yeye.

Ananisemesha! Mwenyewe! "Ngumbao, mwanangu, atakuwa mzima?" Sikujua hata kama jina langu analijua. Nikasema atakuwa mzima, mama. Sijui kama ni kweli. Naogopa. Nikamwambia tena.

Leso imeanguka chini na hakuna aliyeinama. Magurudumu yameanza kwenda. Anasema niweke kitabu, mkono mmoja haumtoshi