Kura ya Pori la Obokote

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Texte ya climat, sheria ya kulinda hali ya hewa tutakayoipigia kura, imetufikia leo, sisi wabunge wa jimbo la Maniema. Nyembamba. Ndani yake: kupasua mbao pori la Obokote kunafungwa miaka kumi. Nilisoma nikikunywa chai, nikaona ni sawa. Halafu nikamukumbuka Soudi, mudogo wangu. Misumeno yake iko kule kule.

Jumatano, 8 Oktoba
Mjadala. Mheshimiwa Fortunat alisimama akicheka: Maniema njo nani mbele ya dunia? Wenye viwanda wachafue hewa, sisi tufunge mbao! Makofi. Hata mimi nilicheka.
Claudine, avoka, mwanasheria tuliyemwalika, alijibu polepole. Kuna inchi ndogo, za visiwa, zilizojiwekea sheria kwanza. Sasa kwenye mikutano ya dunia zinawauliza wakubwa: na yenu iko wapi? Ninyi, bila sheria ya nyumbani, mutauliza na mudomo gani?
Fortunat akatafuta miwani yake.

Alhamisi, 9 Oktoba
Soudi amekuja kwangu, mtaa wa Kasuku, na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alikataa kukaa.
— Dada, nilikuwa naleta mafuta toka Goma. Vita imefunga njia. Mbao njo imebakia. Unataka watoto wale hewa safi?
Nikamwambia vijito vya Obokote vinakauka, yeye mwenyewe aliniambia.
— Nilikuambia kama dada. Si kama mbunge.
Akaondoka bila kula. Sombe, majani ya muhogo niliyomupikia, imebakia kwenye sufuria.

Ijumaa, 10 Oktoba
Msikitini. Mvua. Sijaamua.

Jumatatu, 13 Oktoba
Niko ndani ya kikao. Niliomba waongeze kifungu: wapasua mbao wapewe kwanza kazi ya kulinda pori. Wamekataa — budget hakuna! Basi, texte inabakia vile ilivyo.
Soudi iko juu, kwa wageni. Amevaa shati yake ya Idi.
Président wa bunge anasema, wanaokubali wanyanyue mikono. Wangu wa kushoto uko juu, wa kuume unaandika. Fortunat ananikodolea macho. Claudine anatazama chini.
Président anahesabu. Amekosea — anaanza tena!
Soudi naye anahesabu, kwa kidole. Mustari wa mbele. Mustari wa pili. Kidole kimefika kwangu. Kimesimama.