Mdhamini Asiyemsifu Mwanawe

Kibokoni, 9 Januari 2025

Kwa binti yangu Mwanakuu,

Assalaam aleikum. Baada ya kukujulia hali, nakuarifu kuwa mimi ni mzima, ila nyumba imezidi ukubwa. Wasifu wako wa kuombea kazi nimeusoma. Ati huko Hamburg hawataki picha, dini wala habari za ndoa. Basi watamjuaje mtu? Hata hivyo, nimeridhia kuwa mdhamini wako, kwani miaka yote uliyopiga chapa barua za watu katika ofisi yangu ya Makadara, mwajiri wako nilikuwa mimi. Wakiniuliza, nitawajibu kwa lugha iliyonyooka.

Babako, Sabir

Hamburg, 20 Februari 2025

Shikamoo baba. Mwili haujambo, moyo ndio mzito. Ile kazi ya ofisi ya mizigo nimeikosa. Bibi wa pale alinisomea jibu lako: "Bado anajifunza. Mapungufu hayakosi. Tunamwombea." Baba, ndiwe uliyeandika? Ruhusa yangu ya kukaa yaisha mwezi wa Mei. Imebaki ofisi moja, nayo itakuandikia. Nikikosa na hii, narudi.

Mwanao, Mwanakuu

Kibokoni, 3 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Maneno hayo ni yangu. Ni nani mwenye adabu amsifuye mwanawe mbele ya wageni, akamponza kwa jicho la hasidi? Nilidhani watafahamu. Jirani yetu Bi Mwanarusi alinicheka barazani: "We Sabir, ni kama wamtafutia mwanao mume na huku wamwita kilema!" Kisha akaninong'oneza kwamba nikijibu vilevile, utarudi, na nyumba itapata mtu. Tangu hapo nalitafakari neno lake. Barua ya hiyo ofisi imefika leo.

Babako

Hamburg, 28 Machi 2025

Shikamoo baba. Wamenichukua, kwa mkataba wa miaka mitatu. Wasema hawajapata kusoma sifa kama zile. Uliwaambia nini?

Mwanao

Kibokoni, 10 Aprili 2025

Mwanangu Mwanakuu,

Marahaba, na hongera. Afya yangu si haba. Niliyowaambia hayasemwi mbele ya mwenyewe, basi usiniulize tena. Yatosha ujue kwamba kalamu ilikataa kila nilipokukumbuka u mwanangu. Ikanibidi nikuandike kama binti wa watu, niliyemwona akipita tu ofisini, akaenda zake. Hapo ndipo maneno yalipokuja.

Jifunike vyema, baridi isikudhuru.

Babako, Sabir