Vibonzo vya Vita vya Mwandishi wa Watoto

Mdogo wangu Hamisi,

Huku Minneapolis theluji imefika magotini, ila mimi mzima.

Jana maktabani nilitazama vibonzo ambavyo mwandishi mmoja wa watoto, anayependwa sana huku, alilichorea gazeti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alivyomkejeli dikteta wa Ujerumani nilicheka peke yangu. Nikafunua ukurasa, nikakuta Wajapani wa hapahapa Marekani: meno nje, sura moja, wote wasaliti.

Bibi mmoja wa asili ya Kijapani anayepanga vitabu pale akasimama kando yangu. "Nilikuwa na miaka saba serikali ilipotufungia kambini kwa asili yetu tu," akasema. "Majirani hawakushangaa. Walishazoea kutuona hivi."

"Sasa vitabu vyake unavitupa?"

"Nawasomea wajukuu. Na picha hizi nawaonyesha."

Nikakumbuka kibonzo chako cha wale wakimbizi, uliowachora kama nzige. Nilikicheka, nikakibandika ukutani. Leo nimekibandua. Hamisi, kalamu yako ni kali. Wachore wakubwa, waache wanyonge. Ukininunia, ninunie tu, katika hili sirudi nyuma.

Mbusu mama, na wali wa nazi unilie fungu langu.

Dada yako akupendaye,
Mwanaidi