Maji Yalitoka Ndani ya Karafuu

Kaka yangu Hamadi,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Pemba. Sisi huku Makorora hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo mzima, na mdomo huo ndio ulionishikisha kalamu. Wiki iliyopita mgeni alitaja karafuu, Mama akarudia maneno yake ya miaka yote: "Zetu aliziharibu Hamadi."

Unalikumbuka shamba letu la mlimani, juu ya Muheza. Walio chini waliona wingu limekaa kileleni. Sisi tuliokuwa ndani yake tuliliita ukungu. Amri ya Baba ilikuwa moja: alasiri, kabla ukungu haujafika, karafuu zitoke jamvini ziingie ndani. Siku ile zamu ilikuwa yako, nawe ulikuwa mpirani. Nilikuonea huruma, au nilitaka sifa, sijui. Nikazirundika palepale jamvini, bado zina joto la jua na hazijakauka sawasawa, nikazifunika gubigubi kwa nailoni na kuweka mawe pembeni. Uliporudi ukaona zimefunikwa, ukaniambia, "Umeniokoa, mdogo wangu."

Asubuhi Baba alifunua. Nailoni ilikuwa inachuruzika maji kwa ndani, karafuu zimelowa chepechepe. Wachumaji walikuwa barazani wanakunywa chai, wote wakaja kutazama. Wewe ulipitisha kiganja juu ya nailoni ukasema, "Baba, nje pakavu. Jana ukungu haukufika. Maji haya yametoka ndani."

"Kwa hiyo karafuu zimejikojolea?" Baba akauliza.

Watu walicheka, nami nikacheka. Kisha Baba akanigeukia: "Mwanaidi, wewe ulikuwepo. Ukungu ulifika?"

"Ulifika, Baba. Nilifunika zimeshalowa."

Haukufika, kaka. Niliogopa kwamba nikisema kweli, lawama itamwangukia aliyefunika. Ulinitazama tu, hukusema neno. Jua halikutoka siku mbili, karafuu zikaota kuvu, na Baba akatamka mbele ya watu wale wale: "Kuanzia leo karafuu zangu usiziguse." Msimu ulipokwisha ukaenda zako kwa mjomba. Ulikuja kumzika Baba, kesho yake ukaondoka.

Sasa nafanya kazi kwenye ghala la viungo, Muheza. Mwezi uliopita bwana shamba alitukusanya, akachukua karafuu za joto zilizokauka nusu, akazifunika kwa nailoni mbele yetu. Tulipomaliza chai, nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani. Akaeleza kwamba karafuu mbichi inapopata joto hutoa mvuke usioonekana. Hewa ya moto huubeba mvuke mwingi, lakini ikigusa kitu cha baridi hushindwa kuubeba wote, na unaozidi hugeuka maji. Ndivyo na mlima wetu: upepo wa bahari hupanda umebeba mvuke, huko juu hupoa, mvuke hushikana na chembe za vumbi na chumvi, tukapata wingu. Mimi nilikuwa nimetengeneza wingu dogo chini ya nailoni.

Wenzangu walikuwa wanauliza maswali. Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu miaka yote nilijifariji kwamba pengine, hata kama nilidanganya, ukungu ulipenya tusiuone. Faraja hiyo imekwisha. Ulisema kweli tupu, tena ukiwa kijana ambaye hakufundishwa na mtu, umetumia kiganja chako tu.

Juzi nilimweleza Mama yote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na baba yenu amekufa hajui?"

Nikasema hakujua.

Hajanisemesha vizuri tangu hapo, na ana haki. Nilitaka kukupigia simu, nikaona simu itanirahisishia mno: ningelia, ungenionea huruma, yangeishia hapo. Wewe ulifedheheshwa hadharani, basi na radhi nakuomba hadharani. Naandika wazi, gazetini, ili asomaye, na aliyecheka siku ile kama yupo, ajue kwamba Hamadi hakuharibu karafuu. Niliziharibu mimi kwa kutojua. Wewe nilikuharibia kwa kujua.

Mama anauliza utakuja lini. Mimi sina uso wa kuuliza.

Mungu akuweke, kaka.

Mdogo wako uliyemnyamazia,
Mwanaidi