Chui Mwenye Kwato

Khayega,
Kakamega.
14 Septemba, 2024.

Mpendwa kaka Shikanga,

Mulembe! Mgongo wako umepona? Na wifi yangu Risper, hiyo baridi ya Kanada ameshaizoea au bado anakulaumu? Sisi hapa tunapumua. Mahindi tumevuna, ila mvua haitupi nafasi ya kuyaanika. Goti la Mama humsumbua asubuhi, lakini kufika saa nne utamkuta shambani akituambia sisi ndio wagonjwa.

Sasa kaa chini, kaka. Mimi mwenyewe mpaka leo siamini.

Ile Jaguar ya Baba tuliiombea nafasi katika maonyesho ya magari ya kale Kisumu, tumkumbuke, maana mwaka umeisha tangu tumzike. Jumamosi iliyopita akaja mkaguzi, Bi. Chemutai, mama mpole mwenye miwani. Akasifu injini, akasifu viti. Alipofika kwa yule chui anayeruka mbele ya boneti, akainama, akampapasa tumbo, kisha akaniita nitazame miguu.

Kaka, chui ana kwato! Kwato zilizopasuka katikati kama za fahali! Kila Krismasi mimi ndiye humsugua mpaka ang'ae, na sikuwahi kuziona. Nilishika mdomo. Bi. Chemutai akasema huyu hakutoka kiwandani, ni alumini iliyoyeyushwa na fundi wa huku kwetu, na bila chui wa kweli gari halitakubaliwa.

Basi macho yote yakaenda kwa Mukhwana, yule mtoto wa shangazi. Ndiye fundi wa gari hilo tangu Baba aanze kuugua. Baba mdogo alimrukia mbele ya mgeni, eti ameuza chui wa kweli na kutubandikia takataka. Akamnyang'anya funguo, akamwambia asikanyage tena boma hili. Mukhwana alilia, mtu mzima na ndevu zake.

"Mimi nimekuwanga chini ya hii gari miaka yote," akasema, "leo mnaniita mwizi?"

Alikuwa ameshaokota jaketi lake wakati Mama alipotoka jikoni na mwiko wa kusongea obusuma mkononi.

"Mwacheni huyo mtoto. Ni mzee alitoa hiyo kitu mwenyewe, akapatia Shikanga."

Weee! Hata Baba mdogo alitafuta mahali pa kukaa.

Mama akaeleza yote. Kwamba siku uliyosafiri, Baba alimfungua chui kwenye boneti, akamfunga kwa leso na kukupa mkononi uwanja wa ndege. Kwamba alikuambia si zawadi, ni kitu cha nyumbani unaazimwa, na siku moja utakirudisha. Kisha, ili majirani wasiulize, akaenda kwa fundi anayetengeneza vikombe vya mashindano ya kupiganisha mafahali, vyenye sanamu ya fahali juu. Yule fundi mnyama wa namna hiyo hakumjua. Miguu aliyoizoea ni ya fahali, akampa hiyo hiyo. Baba alipoziona kwato alicheka mpaka machozi, akamfunga hivyo hivyo kwenye boneti, na Mama akakatazwa kusema.

Na wewe, Shikanga! Miaka yote hiyo, simu zote hizo, hukutamka neno! Hata siku tunamzika Baba na wewe ukitutazama kwa simu, chui alikuwa hapo nyumbani kwako? Nimekasirika mpaka nikacheka, na nilipocheka nikaanza kulia. Sijui nikufanye nini.

Baba mdogo amemwomba Mukhwana msamaha na kumchinjia kuku, ingokho ya heshima. Mukhwana amekula, amerudishiwa funguo, lakini hazungumzi sana.

Binti yangu Nekoye anakusalimu na anasema wewe ni jasusi. Shangazi Nafula wa Mukumu anakuombea kila Jumapili. Msalimie Risper, na mtoto wenu Shantel mbusu mashavu yote mawili.

Mimi nilitaka umtume chui kwa posta upesi, Bi. Chemutai ametupa hadi Desemba. Mama amekataa katakata. Anasema heri gari likose maonyesho. Ulipewa mkononi, utarudisha mkononi, na anataka iwe angali anaweza kutembea mpaka langoni kukupokea. Tangu jana ananifagilisha chumba chako.

Mungu akulinde njiani.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Awinja