Sayari Niliyoipata Siku za Mbalamwezi

Ujerumani, Agosti 1996

Kwako Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo, wewe na Mama hapo ulipo naye. Kifua chako kinaendeleaje? Najua vumbi la kiangazi halikipendi. Mimi ni mzima, nakula, nalala mchana kama popo, na leo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Kaka Fideli, wewe unayemsomea Tata, soma polepole, usiruke kitu, hata pale ninapomtaja Baba mdogo.

Nimeipata, Tata. Sayari. Si ya jua letu, ni ya nyota nyingine kabisa, ambayo kutoka uwanjani kwetu Bweranyange ni kinukta tu. Ukubwa wake ni kama wa Mshtarii, ile iliyo kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu. Wakuu wangu wamekubali, na taarifa itatoka jina langu likiwa mbele.

Najua ulivyobanwa. Baba mdogo alisema mbele ya ukoo kwamba binti wa umri wangu hawezi kukaa ugenini akiwinda vitu visivyoonekana, huku wachumba wanazeeka. Nawe, ili nipate muda, ukampa neno lako: kama kahawa ya mwaka huu itachumwa yote nami sina cha kuonyesha, utaniita mwenyewe nirudi niolewe. Niliposoma barua yako nililia, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kazini.

Uliniuliza kama nimekiona kwa macho hicho ninachokitafuta. Hapana, wala sitakiona. Kumbuka asubuhi za ukungu kwenye kilima cha kwenda Ihanda. Mtu wa baiskeli akija na mkungu wa ndizi upande mmoja, hata kama mkungu umefichwa na ukungu, unamwona anavyoegemea upande wa pili, na unajua kabisa amebeba. Nyota nayo huyumba ikiwa na mzigo unaoizunguka. Mzigo hauonekani, ila kuyumba kunapimika.

Sasa sikia nilivyoipata. Hapa siku za kutumia darubini zinazogombewa ni zile zisizo na mwezi, na wakubwa hujigawia zote. Mimi mwanafunzi, tena mgeni, niliachiwa makombo, siku za mbalamwezi, maana anga ikiwa nyeupe vitu hafifu havionekani. Lakini nyota yangu inang'aa vizuri, mwezi hauisumbui. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyezitaka siku hizo, nilipewa mfululizo. Wenzangu miaka yote walikuwa wakiitembelea kila nyota mara chache kwa mwaka, wakiamini sayari kubwa lazima ijivute polepole kama Mshtarii. Hivi karibuni watu wengine walitangaza sayari kubwa iendayo mbio, wazee wetu hapa wakaguna tu. Basi yangu nayo inakimbia. Mwaka wake unakwisha kabla juma moja halijaisha. Wao walipita leo, wakarudi baada ya miezi, wakakuta vipimo vimevurugika, wakalaumu chombo. Mimi nilikaa nayo siku kwa siku, nikaiona nyota inakuja na kurudi nyuma, inakuja na kurudi nyuma.

Profesa wangu hakuamini. Ni mtu mwema, ila haamini hata mvua mpaka imlowanishe. Alinisimamisha mbele ya wote akaniuliza, "Una hakika si sisi wenyewe tunaoyumba?"

Lilikuwa swali la haki, maana dunia nayo inatubeba, sawa na kumtazama yule wa baiskeli huku nawe umepanda baiskeli.

Nikamjibu, "Mwendo wetu nimeshautoa. Uliobaki ni wa kwake."

Akapeleka faksi kwa wenzake wa nchi nyingine wenye darubini yao, akawaomba waiangalie nyota ile bila kuwaambia nilichokiona. Nilijua wakijibu hapana, masomo yamekwisha na nafunga mizigo. Wakajibu kwamba inayumba, kwa mwendo ule ule. Profesa alikuja mwenyewe mezani kwangu, akanipa mkono, akaniambia nitamaliza masomo na kazi ipo. Niliimba Kinyambo korido nzima, na hakuna aliyethubutu kuniuliza kitu.

Mmoja alisema labda si sayari, ni kile tunachokiita kibete kahawia, yaani kitu kilichotaka kuwa nyota kikashindwa kuwaka, kama moto wa kuni mbichi. Tukapiga hesabu upya, mzigo ukaonekana mwepesi mno kwa jina hilo. Ila vibete hivyo navyo vinatafutwa, na kazi hiyo nimekabidhiwa mimi. Safari hii siku nachagua mwenyewe.

Mwambie Baba mdogo nampenda, na kahawa aichume kwa amani. Msalimie shangazi aliyenifunga kitenge kiunoni siku ya kuondoka, mama mkwe wa Fideli, na mwalimu wangu wa hesabu kama bado yuko Songambele. Mama mkumbatie kwa niaba yangu, hata kama hamna desturi hiyo.

Krismasi nakuja, Tata. Majirani wasije wakadhani nimerudi. Nakuja kuwasalimu, kisha nitaondoka tena, na sasa nitakaa muda mrefu kuliko mwanzo. Ulinipigania nibaki huku, na tumeshinda. Najua utanisindikiza hadi barabarani, na mimi sitageuka nyuma, maana nikigeuka sitaondoka.

Ni mimi binti yako,
Yustina