Mama Kwenye Hospitali ya Masultani

Jumatano, 9 Oktoba
Nimefunga duka la dawa Kawangware saa kumi, nikaenda Kibera kumpangia Mama sanduku. Ameweka pakiti nne za unga! Binamu yangu Mariam anaolewa Uturuki, si jangwani. Tumegombana. Kaka yangu Idi atabaki na shangazi. Mwaka wa sita sasa anaongea na ukuta. Nikitaja hospitali, Mama anasema ni majini, hayatibiwi kwa vidonge.

Jumamosi, 12 Oktoba
Tuko Edirne, Uturuki. Harusi nzuri. Mama amewaambia wakwe kwamba chai bila maziwa ni ya wagonjwa. Nimetamani ardhi inimeze.

Jumapili, 13 Oktoba
Mariam ametupeleka msikiti wa zamani wa masultani. Pembeni ilikuwa hospitali, siku hizi ni makumbusho. Mama aliswali, akataka kurudi. Miguu, eti. Nikamvuta mkono.

Ndani kuna ukumbi wa kuba, maji yanabubujika katikati, na masanamu: matabibu, wagonjwa, wapiga ala. Mariam akaeleza kwamba wagonjwa wa akili walitibiwa hapa kwa dawa, muziki na sauti ya maji. Karne tano zilizopita.

Mama akasimama mbele ya sanamu la kijana aliyejikunyata.

"Hawa walikuwa Waislamu?"

"Mama, si umetoka kuswali hapo nje!"

"Na hawakusema ni majini?"

"Walisema ni ugonjwa, shangazi," Mariam akajibu.

Mama akakaa chini. Nusu saa nzima. Namwita, haondoki. Miaka sita nimesema hayo hayo, na cheti changu kimetundikwa ukutani. Sanamu limesikilizwa siku moja! Nina hasira hadi sasa.

Jumatano, 16 Oktoba
Nyumbani. Sijamuuliza Mama habari ya hospitali, nikiuliza atakataa makusudi. Jioni mwalimu anayemsomea Idi dua amekuja. Mama amempa chai, akamwambia kesho asije, watakuwa na safari. Safari gani?

"Una maswali mengi wewe."

Alhamisi, 17 Oktoba
Kliniki ya akili. Foleni ndefu. Idi ameegemea bega la Mama.

Daktari aliuliza ilianza lini. Nilifungua mdomo, Mama akanitangulia. Akaeleza yote, hata nisiyoyajua: alivyomkuta Idi amekaa kwenye reli ya treni asubuhi baada ya kumzika Baba. Alivyomshika mkono hadi nyumbani, asimwambie mtu.

Tumerudi na vidonge vya mwezi mmoja. Mama ameniomba nimsomee maandishi ya pakiti.

Nimemsomea mara mbili, polepole.